Breki za Shemeji na Upepo wa Bure

Siku ya kutoa mahari, wazee wa upande wa pili walitaja kila walichokitaka: mbuzi, mablanketi, asali, tangi la maji la mama mkwe. Nilikubali, nikalipa kwa awamu, nikadhani tumemalizana. Hakuna aliyetaja maegesho. Lakini kaka yake mke wangu anaishi katika ghorofa moja huko Kasarani ambako wapangaji ni wengi kuliko nafasi za magari, nami nina ua mdogo upande wa Kiambu unaotosha gari moja na nusu. Kwa hesabu za ukoo, ile nusu ni ya shemeji.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetumika. Hapa Kenya Subaru haihitaji utangulizi. Miaka ya tisini tulimwona Patrick Njiru akiipitisha Subaru kwenye matope ya Safari Rally, na tangu hapo kila kijana anayenunua gari hilo huamini kwamba Njiru amefungiwa humo humo ndani, pamoja na jeki na gurudumu la akiba. Shemeji ameng'oa viti vya nyuma, zulia, redio na chochote kingine ambacho kingeweza kumfurahisha abiria. Si gari la kwenda nalo harusini. Siku moja moja barabara ya lami yenye kona nyingi hufungwa kwa kibali, magari yakaachiliwa moja baada ya jingine kushindana na saa, naye shemeji huwa pale na helmeti yake. Mimi siendeshi. Mimi ni mshika tochi.

Cheo hicho hakijulikani sana, kwa hiyo nikieleze. Fundi akiwa chini ya gari, mshika tochi huchuchumaa kando na kumulika. Akimulika sawasawa hakuna anayemshukuru, mkono ukitetereka kidogo tu, huulizwa, "Shemeji, unamulika boliti au unatafuta mbuzi aliyepotea?" Haruhusiwi kuuliza swali. Haruhusiwi kupiga chafya. Na spana namba kumi ikipotea, basi ni yeye aliyeikalia.

Habari za breki zilianzia kwenye nepia. Jumapili moja shemeji alirudi na majani ya ng'ombe yamejaa kwenye grili, mengine yakining'inia kwenye kioo cha pembeni. Mke wangu alimtazama, akamuuliza kama ameanza ufugaji. Hakucheka. Alisema alikuwa amezunguka raundi kadhaa mfululizo, gari likiitika vizuri, mpaka akafika kwenye kona iliyo chini ya mteremko. Akakanyaga breki. Kanyagio likazama hadi sakafuni bila kukutana na upinzani wowote. Akalipampu, likarudi nusu. Gari likaipita kona kwa njia ambayo haikuwa barabara, likaingia kwenye shamba la nepia na kusimama humo taratibu, bila hata mkwaruzo. Hakuna aliyeumia isipokuwa mwenye shamba, ambaye aliumia kiuchumi, na akaanza kuhesabu magunia papo hapo kabla dereva hajavua helmeti.

Nilipouliza ni kitu gani kilichoharibika, nikajibiwa kwamba hakuna. Hiyo ndiyo hila ya breki. Watu hudhani breki huua mwendo, kumbe huugeuza joto. Gari la kilo 1,350 na dereva wake likipunguza mwendo kutoka kilomita 140 kwa saa hadi 60 kabla ya kona, joto linalopatikana linatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya chai. Hiyo ni kona moja. Kona kumi ni chai ya harambee. Na sehemu kubwa ya joto hilo huangukia magurudumu ya mbele, kwa sababu gari likifunga breki uzito huinamia mbele. Diski hulipokea, ikaipasha pedi, pedi ikaipasha kalipa, na ndani ya kalipa mna mafuta ya breki.

Mafuta hayo yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Yakiwa mapya, yale ya daraja la DOT 4 hutakiwa kuvumilia angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishajishibia maji, kiwango hicho huteremka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Mvuke nao hukubali kubanwa, kwa hiyo mguu wako, badala ya kuibana diski, unabana mapovu. Ukisimama kando kwa muda kila kitu hupoa, kanyagio hurudi mahali pake, na unapolipeleka gari kwa fundi huliendesha kidogo, akakurudishia ufunguo na kukuambia halina neno. Kama huna nepia kwenye grili, hata wewe utaamini.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi: mafuta mapya na pedi zinazostahimili joto kali. Dawa ya pili ndiyo iliyotukosesha usingizi, nayo ni kuzipelekea breki upepo. Unafungua mdomo kwenye bampa, pale upepo unapogonga kwa nguvu gari likiwa mbioni, unaunganisha bomba, unalipitisha hadi nyuma ya gurudumu, hewa inaipuliza diski.

"Na upepo wenyewe ni bure," shemeji alisema wakati wa chakula cha jioni, huku akijimegea ugali mara ya pili.

Mke wangu ni mhasibu, na anamjua kaka yake. Aliinuka, akachukua daftari la matumizi ya nyumbani, akafungua ukurasa mpya na kuandika juu kabisa: UPEPO.

Jioni hiyo tulipewa mhadhara. Tuliambiwa jinsi Jaguar walivyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953 kwa gari lenye breki za diski za Dunlop, wakati wapinzani wao wakubwa walikuwa bado wanategemea breki zilizofungiwa ndani ya ngoma, ambamo joto likiingia halina haraka ya kutoka. Diski inakaa wazi, inapigwa na upepo. Tuliambiwa kwamba magari ya Formula One yana diski za kaboni zinazoweza kufikia nyuzi 1,000, na kwamba kuna wahandisi ambao kazi yao ni kuchonga njia za hewa za breki na kulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mtoto wetu mdogo alilalia sahani. Mimi nilitikisa kichwa kila baada ya sentensi, ishara ya ukoo ya kuonyesha kwamba unasikiliza.

Mzee jirani, ambaye miaka mingi aliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala, alikuwa amekuja kuazima jembe akaukuta mhadhara katikati. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sisi breki zikipata moto tulikuwa tunasimama," alisema. "Tunakunywa chai. Chai ikipoa, na breki zimepoa."

"Lakini mzee, hizi ni mbio," shemeji akamwambia kwa heshima. "Huwezi kusimama unywe chai."

"Basi teremka kwa gia. Ule mteremko wa Mai Mahiu unaujua? Walioujenga ni wafungwa wa Kitaliano, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wakaacha na kanisa dogo pale pale kando ya barabara. Unadhani ni la nani? Ni la wale wanaoteremka kwa breki."

Akachukua jembe lake akaenda.

Tulikwenda Kirinyaga Road, ambayo watu wa rika langu bado huiita Grogan. Huko hakuna kipuri kisichopatikana, ila kile ulichokifuata. Tulitaka bomba la inchi tatu la kustahimili joto, lile la kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa silikoni, lenye waya unaozunguka ndani ili lisibonyee. Muuzaji wa kwanza alituonyesha la radieta. Wa pili alituonyesha la mashine ya kukausha nguo. Wa tatu alisema letu analo kabisa, tukae, tusiende popote, akapotelea kichochoroni. Tulikaa mpaka akarudi akikimbia na lile lile la muuzaji wa kwanza, bei ikiwa imepanda njiani. Mwishowe tukachukua la plastiki la kijivu, ambalo muuzaji aliliapia kwa jina la mama yake kwamba halijui moto. Hapo alisema kweli. Lilikuwa bado halijakutana nao.

Fundi wa gereji alilifunga jioni moja. Alitoa vifuniko vya plastiki penye matundu ya taa za ukungu, akatia mdomo wa bomba hapo, akang'oa lile bati la vumbi linalokaa nyuma ya diski, kisha ncha ya bomba akaielekeza kwenye ubavu wa diski kwa waya wa kufungia ua. Nilimulika kwa uhodari usio na kifani. Tulipomaliza, magurudumu yakiwa yamenyooka, kazi ilipendeza macho hata nikapiga picha.

Magurudumu ya mbele, hata hivyo, yana mazoea ya kukata kona. Shemeji alitoka langoni, akapinda kushoto, tukasikia sauti ya fisi anayetafuna mfupa. Tairi lilikuwa limelidaka bomba. Lililila hadi kwenye waya, likatema vipande mbele ya duka la jirani. Bomba la breki huwa linatakiwa kufuata gurudumu linapogeuka kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, na linapopanda na kushuka na springi, bila kugusa tairi wala kuvutika. Fundi wetu alikuwa amelipima gari likiwa juu ya jeki, limetulia, halina mpango wa kwenda popote.

Kipande kilichobaki fundi akakipandisha juu zaidi, mbali na tairi, karibu na kalipa. Safari hii hakuna kilichotafunwa. Shemeji alikwenda kwenye mazoezi, akarudi, akaliegesha gari, na baada ya muda mfupi kikundi cha WhatsApp cha mtaa kikawaka moto. Nani anachoma plastiki? Tafadhali, kuna watoto wenye pumu. Mwenyekiti akaandika kwa herufi kubwa kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na kwamba anashangaa kuna watu ambao bado wanayo ya kuchoma. Shemeji alitaka kumjibu kwamba hili ni bomba, si mfuko. Tukamnyang'anya simu.

Bomba la kweli lilikuja na binamu aliyekuwa anatoka Uingereza. Alilibeba sandukuni, jekundu, limejikunja katikati ya nguo, na kwenye ukaguzi akaambiwa aeleze ni kitu gani. Akaeleza. Akaambiwa aeleze tena, polepole, mbele ya mkubwa. Ushuru wake uko kwenye daftari, mstari wa nne.

Kilichobaki kilikuwa sahani, yaani bati la duara la kukaa pale lilipokuwa bati la vumbi, lenye shingo ya kupokelea bomba. Hilo hatukulipata kokote. Tulikuwa tumeanza kuzungumzia kuliagiza nje mke wangu aliposema, bila kuinua macho kwenye daftari, "Mnataka bati lenye shingo? Si muende Kamukunji."

Kamukunji nyundo hazinyamazi. Watu wameketi na vyuma vya reli mbele yao, wanagonga mapipa ya mafuta mpaka yanakuwa karai, masanduku ya wanafunzi wa bweni, mikebe, majiko. Tulielekezwa kwa mzee mmoja mtengenezaji wa majiko. Shemeji alimpa diski kuukuu kama kipimo.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya breki, mzee. Inapata moto."

"Wa makaa?"

"Wa kukanyagwa."

Mzee aliigeuza, akaisogeza kwenye mwanga. Diski za mbele za Subaru hiyo, na za magari mengi, si bamba moja. Ni mabamba mawili yenye mapezi katikati, ili hewa ipite. Mzee aliona mapezi, akaweka mdomo kwenye jicho la katikati, akapuliza, huku kiganja chake kimekinga ukingoni. Akatabasamu.

"Hii ikizunguka ni feni. Inavuta hewa hapa katikati, inaitupa nje huku. Ninyi mlikuwa mnaipuliza wapi?"

Shemeji akaonyesha ubavuni.

"Ubavuni!" Mzee alimwita mwenzake wa meza ya pili aje ashuhudie. "Sasa jiko ukilipuliza ubavuni litawaka? Hewa inataka njia. Inaingia chini, inapita kati, inatokea juu. Ukiinyima pa kutokea, hata kuingia haiingii. Halafu chuma cha moto ukikipuliza upande mmoja, upande ule unapoa, huu haupoi, kinapinda."

Shemeji amesoma mengi juu ya jambo hili, kwa Kiingereza, usiku, akiwa amelala chali. Yote aliyokuwa ameyasoma yalikuwa yakisemwa sasa na mtu mwenye masizi kwenye nyusi. Sahani ikae karibu na diski bila kuigusa. Hewa isipewe nafasi ya kupotea pembeni, ilazimishwe kuingia kwenye jicho. Bomba lisipinde ghafla, maana kila kona kali huiba nguvu ya upepo. Tukaacha kila kitu mikononi mwake, pamoja na vipimo vya ule mdomo wa bampa, ili atutengenezee na faneli mbili za kukusanyia hewa.

Tuliporudi kuchukua, kazi ilikuwa safi kupita tulivyostahili. Sahani zilikaa sawasawa kwenye diski, shingo zimefungwa kwa ribiti zilizopangana mstari. Faneli zilikuwa zimepakwa rangi ya fedha. Na kila faneli ilikuwa na mlango. Mlango kamili, wa kuteleza kwenye reli zake, wenye kishikio kidogo cha waya.

"Mzee," shemeji alisema taratibu, "mlango wa nini?"

"Mdomo wa jiko haukosi mlango."

"Lakini hili si jiko."

"Najua si jiko. Ndiyo maana mlango sijauhesabu kwenye bei."

Shemeji alitaka kuikata milango hiyo kwa grinda tulipofika nyumbani. Mke wangu alimuuliza grinda ataikodi shilingi ngapi. Milango ikabaki.

Kufunga kulituchukua hadi usiku, lakini safari hii usukani ulizungushwa kulia na kushoto mpaka mwisho kabla ya klipu yoyote kukazwa, gari likiwa juu ya jeki na likiwa chini. Bomba jekundu lilipita nyuma ya bampa, likaukwepa mkono wa usukani, likaingia kwenye shingo ya sahani bila kugusa tairi. Betri za tochi ziliisha mara tu boliti ya mwisho ilipoingia. Hakuna aliyesema lolote, na katika kazi yangu hiyo ni medali.

Baada ya hapo rimoti ya televisheni ikapotea. Tulipindua makochi. Mke wangu alinishuku mimi, kwa kuwa siku hiyo tulikuwa tumebishana kati ya taarifa ya habari na tamthilia. Tukanunua nyingine. Wakati huo huo shemeji alikuwa akilalamika kwamba breki ya kushoto inapata moto kuliko ya kulia, na kwamba upande ule kuna mluzi. Akafungua bomba. Akatoa rimoti, kijiko cha uji, na kiazi ambacho aliapa kilikuwa kimeiva upande mmoja. Mtoto wetu, ambaye kimo chake kinalingana na tundu la taa ya ukungu, alisimama hapo akihesabu mali yake ikitolewa. Wavu wa kuku ukawekwa mbele ya faneli, na gharama yake ikaingia daftarini pamoja na rimoti.

Wavu ulifanya gari lianze kutazamwa zaidi. Tulisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, Limuru Road, mimi nikiwa nimeketi kiti cha mbele cha abiria. Afande alizunguka gari, akafika mbele, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu.

"Hizi ni nini?"

"Za kupoza breki, afande," shemeji akajibu.

"Zinapata moto?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini?"

Nilitazama mbele. Kuna maswali ambayo jibu lake la kweli lina faini, na la uongo lina faini kubwa zaidi. Afande alitia kidole kando ya wavu, akavuta kile kishikio, akautelezesha mlango, akaufungua tena. Ulimpendeza, nilimwona.

"Na makaa mnatia wapi?"

"Hatutii makaa, afande."

"Nendeni polepole," alisema, akiturudishia leseni. "Hazitapata moto."

Ukiondoa chai, ni ushauri ule ule wa mzee jirani, na hadi leo sijapata mhandisi wa kuupinga.

Je, mabomba yalifanya kazi? Hilo lilihitaji kupimwa. Shemeji alikuja na ile bunduki ya kupimia joto la paji la uso, tuliyokuwa tukielekezewa kwenye milango ya benki na makanisa enzi za korona. Aliielekeza kwenye diski iliyotoka mbioni. Ikaandika HI. Akaielekeza tena, HI. Vipimo hivyo vimetengenezwa kwa homa ya binadamu. Joto likizidi kiwango chao huandika hivyo kwa Kiingereza na kunyamaza. Mke wangu akasema angalau kina adabu, kinasalimia. Baadaye tuliazima kipima joto cha mafundi. Kwa kumbukumbu za shemeji, kabla ya mabomba diski ya mbele ilikuwa ikisoma zaidi ya nyuzi 400 gari likisimama tu; baada ya sahani za Kamukunji ikawa inasoma karibu mia moja pungufu. La maana zaidi ni kanyagio. Liliendelea kuwa gumu chini ya mguu raundi baada ya raundi. Mwenye shamba la nepia, ambaye sasa huja kwenye ua wake kila kukiwa na mbio, kwa matumaini na daftari lake mwenyewe, alikwenda nyumbani mikono mitupu.

Kisha ukaja mwezi wa Julai. Asiyeijua Kiambu ya Julai asubuhi asidanganywe na ramani kwamba iko karibu na ikweta. Ukungu umelala kwenye kahawa, watu wamevaa makoti mawili, pumzi inaonekana. Shemeji aliachiliwa kwa raundi ya kwanza, akafika kona ile ile, akakanyaga, na gari likawa kama halijasikia. Kanyagio lilikuwa gumu, mafuta yalikuwa mazima. Pedi zenyewe ndizo zilizogoma. Pedi za mbio huuma vizuri zikishapata joto, nasi tulikuwa tumezielekezea mabomba mawili ya upepo wa Julai. Alipita sentimita chache kutoka kwenye nepia. Mwenye shamba alikuwa ameshasimama.

Timu kubwa za mbio zikikutana na baridi hubandika utepe kwenye midomo ya njia za hewa, breki zipate moto. Sisi hatukuwa na utepe. Shemeji alisimama pembeni, akashusha kioo, akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika tochi mchana kweupe kwa mazoea.

"Shemeji," alisema, sauti imeshuka. "Funga milango."

Nikapiga magoti mbele ya bampa, nikavuta kishikio cha kushoto, nikavuta cha kulia. Reli zilikuwa na vumbi, lakini mzee wa Kamukunji hakufanya kazi ya kukwama. Raundi iliyofuata gari liliuma breki vizuri kabisa. Jua lilipochomoza na diski kupata moto, nikaifungua milango tena.

Jioni mke wangu alitaka hesabu.

"Kwa hiyo leo upepo mmeuzuia," alisema.

"Asubuhi tu."

Akapitisha kalamu kwenye ukurasa, kutoka juu: bomba la kijivu, nauli ya Grogan, bomba jekundu, ushuru, bati, rangi, wavu wa kuku, rimoti, betri za tochi, magunia ya nepia. Ukurasa ulikuwa umejaa mpaka pembezoni.

"Milango ilikuwa shilingi ngapi?"

"Mzee hakuihesabu," shemeji akasema.

Akaandika: Milango miwili, 0. Kisha akapiga mistari miwili chini ya jumla, kihasibu, akamsogezea kaka yake daftari.

"Kumbe kitu cha bure kilikuwepo," alisema. "Ila si upepo."